Robo Saa ya Chuo

"Maneno yangu yamewachekesha wahitimu mia tatu na kumi na mmoja," alisema Ubaldo, "na hayajamtoa hata mmoja wao tone la damu."

Alisema hivyo asubuhi, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kisima katika ua wa Chuo, miguu inaning'inia, wino umempanda mpaka viwikoni. Kufikia adhuhuri ua huohuo ulikuwa umemwagiwa maji mara mbili na kusuguliwa kwa mifagio migumu, na mawe yake bado yalikuwa na rangi ya mvinyo. Lakini naona nimekimbilia mbele. Ninyi mliowasili jana na mabegi yenu, kaeni vizuri hapo kwenye ngazi, na wewe mrefu niondolee kiatu juu ya kofia yangu. Nitawahadithia kama nilivyohadithiwa. Mimi sikuwepo, na ndiyo maana naijua vizuri: aliyekuwepo huwa anatazama miguu yake tu.

Mji huu, kama mlivyokwisha kuona, hauna jina. Si kwamba haukupewa. Kitivo cha Majina ya Kale kina mapendekezo kumi na manane na kimekuwa kikibishana kwa miaka mia tatu, na mpaka watakapopatana, barua zetu zinaandikwa tu "Kwa Chuo", na zinafika. Hapo ndipo penye siri yote. Ukitaka kujua nani ana nguvu mahali, usiulize nani ana panga. Uliza barua zinafika kwa nani.

Na Chuo kinapima. Yupo anayepima umri wa mvinyo kwa kuuonja na yupo anayeupima bila kuuonja, na hawa wawili hawasalimiani. Yupo bibi anayesafisha picha za watakatifu kwa pamba na mate yake mwenyewe. Mwaka wa ishirini huu yuko kwenye sikio moja. Wapo waliofukua mifupa ya mfalme, wakaihesabu, wakakuta ana goti la ziada, wakaandika vitabu vinne juu ya goti lile. Kila Alhamisi wachungaji hushuka na nyimbo zao. Wanaimba mbele ya mashine, nyimbo zinaandikwa, zinapewa namba, na mchungaji anarudi kwa kondoo wake akiwa amesahau ubeti wa pili. Akiutaka aje auombe maktaba, siku za kazi, na kitambulisho. Hivyo ndivyo mji unavyojijua: kwa kuambiwa. Mtu hapa hajui kama anatoka kwao mpaka aone muhuri.

Sasa, robo saa. Profesa akisema somo ni saa tatu, anaingia saa tatu na robo. Haijaandikwa popote, na anayeingia saa tatu kamili huonekana mshamba. Desturi ile imeshuka kutoka madarasani kama maji ya mfereji, ikaingia mjini: harusi ina robo, jeneza lina robo, hata mtu akimwambia mkewe "natoka sasa hivi" ana robo. Kwa mambo machache yasiyosubiri, Chuo hufunga kitambaa chekundu juu ya tangazo. Chekundu maana yake kamili. Hakuna chekundu, ongeza robo. Mtoto wa miaka minne analijua hilo kabla ya kujua kufunga vifungo.

Lakini jiulizeni, robo ile inakwenda wapi? Ndani yake profesa hajafika, kwa hiyo si profesa bado. Mwanafunzi hajafundishwa, kwa hiyo si mjinga bado. Hakuna mtu aliye mtu. Ubaldo aliamini kwamba robo zote zilizowahi kupotea hapa zimejikusanya chini ya sakafu, zinatulia kama maji ya kisima, karne saba za watu waliokaa kungoja, na kwamba siku moja zitatafuta pa kutokea. Na anayemngojesha mwenzake ndiye bwana wake. Hilo halihitaji jeshi. Mfalme wa goti la ziada alikuwa na jeshi, leo yumo ndani ya droo. Chuo kina robo saa tu, na bado kipo.

Ubaldo mwenyewe hakuwa profesa wala mwanafunzi. Alikuwa mwandishi wa matangazo: alipewa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akatundika ubaoni pale penye njia panda ya Mtaa wa Ngozi. Kazi ya pili, aliyoipenda zaidi, ilikuwa kutunga mabango ya wahitimu. Mnajua desturi, au mtaijua kwa ngozi yenu. Siku ya kuvishwa taji la majani, mhitimu anavuliwa nguo nzuri, anasimamishwa kwenye kigoda katikati ya ua akiwa na chupi na taji, anapewa bango lenye aibu zake zote kwa vina, na analisoma kwa sauti. Akikwama, yai. Akirudia, unga. Masharti ni matatu: mhitimu hajibu, hakimbii, hashuki kabla ya mstari wa mwisho. Halafu mtunzi wa bango anampiga teke la makalio, anamwita "Daktari!", na watu wote wanakumbatiana, wananuka mayai.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Celso. Walikula sahani moja miaka sita. Celso alisomea kilima. Msishangae, kilima kinasomewa. Upande wa chini wa kilima hiki ulikuwa unatembea, unene wa unywele mmoja kwa siku, kuelekea Mtaa wa Ngozi, na Celso aliufuata kwa nyuzi na vigingi, mvua na jua, mpaka yeye mwenyewe akawa anatembea taratibu kama anaogopa kuuamsha. Asubuhi moja alimjia Ubaldo na karatasi mkononi, midomo imemkauka.

"Andika sasa hivi. Saa nne kinashuka."

"Leo?"

"Leo, bwana! Mtaa wote utoke. Nimehesabu mara tano. Na chekundu, Ubaldo. Hii funga chekundu."

"Umevaa shati nje ndani, Profesa Kichuguu."

"Sina utani. Mimi nakimbilia chini kuwaondoa wa bondeni. Chekundu!"

"Nimesikia, babu wee, nenda!"

Akaandika. Herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, kila moja imenyooka kama askari. Kisha akatafuta kitambaa chekundu, akakumbuka kiko wapi. Jana yake alikuwa amemfunga nacho Mwanzilishi wa Chuo, yule wa shaba aliye juu ya lango, kichwani, kama kilemba cha bibi harusi, na mji mzima ulikuwa umepita chini yake ukicheka, bila kujua ni kitambaa gani wala nani amekifunga. Kukifuata ni kupanda ngazi tena, mbele za watu, na kuuua utani ule kabla ya maprofesa wa mchana hawajauona. Akatazama saa. Saa tatu na dakika ishirini. Akasema moyoni, nitatundika kwanza, chekundu nitakileta.

Alitundika. Hakukileta.

Saa nne kamili kilima kilikunja goti. Wanaosema kiliporomoka hawakukisikia. Kilishusha pumzi kwanza, kama mzee anayekaa. Kisha Mtaa wa Ngozi ukaliwa kuanzia juu. Ukuta wa kwanza ulimkata mtu kiunoni akiwa dirishani, mikono yake ikaendelea kukunja shuka. Mapipa ya magome ya kulainishia ngozi yalipasuka, maji yake ya hudhurungi yakashuka mtaani yakibeba ngozi za ng'ombe na ngozi ambazo si za ng'ombe. Walikufa watu thelathini na wanne, na waliowafukua walisema jambo moja tu: walikuwa tayari. Vifurushi vimefungwa. Watoto wamevalishwa. Mmoja alikutwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anangoja robo yake.

Mmoja wenu ananyoosha mkono. Sema.

Anauliza nimejuaje alichosema mtu moyoni mwake.

Nimehadithiwa, bwana. Kuna watu wanajua kuhadithia.

Siku arobaini baadaye Chuo kilimvisha Celso taji. Mtauliza, waliweza vipi? Walikuwa hawana njia nyingine. Tasnifu yake ilisema saa nne kamili, na saa nne kamili ikatimia. Tangu Chuo kianzishwe hakujawa na hesabu iliyotoka sawasawa namna ile. Jopo lilimpa alama zote na pongezi juu. Mkuu wa Chuo, Profesa Gualtiero, mtu mwenye sauti kama ya mlango mzuri, alisimama akasema, "Usahihi wa ajabu. Nadra sana maumbile kukubaliana nasi hivi." Wakapiga makofi. Celso hakuinua uso. Alikuwa na kilo za mtoto, na kucha zake zote zilikuwa zimekatika, maana wiki tatu alikuwa amechimba kule mtaani kwa mikono pamoja na watu ambao hawakutaka kumtazama.

Watu wa Mtaa wa Ngozi waliobaki walipanda kuja uani. Desturi haimfungii mtu mlango. Walikuja na mayai, kama kila mwaka, mikono yao ya hudhurungi imeyakumbatia kwenye aproni. Mbele yao alikuwa Fosco, mtengeneza ngozi, ambaye aliwazika mabinti wawili kwenye jeneza moja kwa sababu hawakuweza kutenganishwa. Fosco alikuwa na swali moja, na tangu siku ile alikuwa akimuuliza kila mtu mwenye joho: chekundu kilikuwa wapi?

Swali lile lilikuwa limemfikia Ubaldo usiku na mchana, kupitia madirisha, kupitia mkate. Kwa hiyo alipokaa kutunga bango la rafiki yake, kalamu ilimtangulia. Ndivyo alivyojitetea baadaye: kalamu ilitangulia. Mimi nasema kalamu ina mkono nyuma yake.

Celso akapanda kigodani. Chupi, taji, mbavu zinazohesabika. Akafungua bango, akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani:

*Huyu ndiye Celso wetu, kilima alikipima,*
*Akajua siku yake, na saa ya kuinama,*
*Kitambaa mfukoni, usingizi ukazama,*

Akakwama.

"Yai!" akapiga kelele mtu, kwa furaha tu, kwa mazoea. Yai likampasukia sikioni. Celso aliusoma tena mstari ule kimyakimya, midomo inakwenda, na Ubaldo aliyekuwa kwenye ukingo wa kisima aliona jinsi mtu anavyoelewa jambo. Halianzi machoni. Linaanza magotini.

"Ubaldo," akasema Celso.

"Mhitimu hajibu!" ua mzima ukapaza sauti.

"Ubaldo, waambie..."

"Ha-ji-bu!" Unga. Yai. Yai.

"Soma, Daktari," akasema Fosco, polepole. "Mstari wa nne."

Naye akasoma, maskini, maana alikuwa mtu wa masharti. Alisoma akijua anakojipeleka, kama alivyokuwa amejua kilima kinakokwenda:

*Mtaa mzima chini, bado kalala salama.*

Yai lililofuata lilikuwa jiwe.

Lilimpata juu ya jicho, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. La pili lilivunja meno. Hayo hayakuwa mawe ya uani. Walikuwa wamepanda nayo kutoka mtaani, mawe ya kuta zao, baadhi bado yana chokaa ya bluu ya chumba cha watoto. Wakamshusha kigodani kwa mikono. Mtu alimshika taji, akalikandamiza mpaka vijiti vikazama kwenye paji. Aliyemvunja mkono alikuwa fundi viatu, na aliuvunja kama wanavyovunja mti wa kuwashia, juu ya goti, huku akilia kwa sauti. Hiki ndicho nisichoweza kukifikiria mpaka mwisho: kwamba walikuwa wanalia. Mtu anayeua kwa chuki utamchukia ukalala. Wale walikuwa wanampiga kama wanamchimba, kama walio wao wako chini yake na ana dakika chache tu za hewa.

Na juu, kwenye dirisha lenye nguzo, maprofesa. "Msiingilie," alisema Profesa Gualtiero, "ni mila." Nyuma yake Kitivo cha Mila kilikuwa kinaandika. Mtu wa fizikia alinong'ona makadirio ya mwendo wa mawe. Bibi wa watakatifu peke yake alifunga macho, akalamba pamba yake, hakuwa na la kusafisha.

Hapo saa ya Chuo ilisimama, au Ubaldo alisimama ndani yake. Robo zote zikapanda kutoka chini ya sakafu. Ua ukajaa watu ambao hawakuwepo: wanafunzi wa miaka mia saba wakiwa na vitabu kwapani, wanangoja, yule wa kiatu kimoja, anangoja, mabinti wawili walioshikana, wanangoja. Wote wanamtazama yeye, na macho yao hayana lawama, yana subira tu, subira ya kutisha ya watu waliozoea kwamba mwenye jambo atachelewa lakini atakuja. Sema sasa. Sentensi moja. Chekundu kilikuwa kichwani kwa Mwanzilishi, nilikiweka mimi. Maneno saba, Ubaldo, wewe uliyetunga mashairi mia tatu. Sema la kwanza, mengine yatafuata. Sema *chekundu*. Sema hata *che*. Akamtazama yule aliye chini ya unga na damu, akaona ule uso kwamba ni wake, pua yake, makovu ya ndui yake, na badala ya huruma akasikia nafuu: basi, nimeshapigwa mimi, deni gani tena?

"Mtunzi!" Ilikuwa sauti ya Fosco, na saa ikaanza kutembea. Umati ukaachia njia. "Njoo. Teke la mwisho ni lako."

Ubaldo akashuka kisimani. Alitembea hatua kumi na moja. Alifungua mdomo, wako walioapa kwamba aliufungua. Celso alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefumba kabisa, lingine linamtazama, na hakukuwa na ombi ndani yake. Alikuwa anamngoja.

Akampiga teke. Si la makalio. Hakujua mguu utafikia wapi, ukafikia mbavuni, na kitu ndani kikasema *tik*, kama kijiti cha kiberiti. Mkono mzima wa Celso ukamshika kifundo cha mguu, si kwa nguvu, kama unavyomshika mtu anayeteleza.

"Daktari," alisema Ubaldo.

Machela ilifika ikiwa na robo yake. Celso hakuwa nayo.

Basi, hiyo ndiyo hadithi. Ubaldo aliondoka mjini jioni ileile na hakuna aliyemwona tena. Wengine wanasema alijitupa, wengine wanasema anauza nyanya bondeni. Mimi nawahadithia wageni kila mwaka ili mjue mmekuja mahali gani. Inukeni sasa, mtachelewa kusajiliwa, ingawa humu kuchelewa ndiko kuwahi, ha ha.

Hawakuinuka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao, wa miaka hamsini na kitu, begi la shule jipya begani, karatasi ya usajili mkononi. Nilikuwa nimemdhania mama wa mmoja wao.

"Naitwa Ondina," akasema, akiwaambia wao, si mimi. "Nimekuja kusomea kilima. Nilikuwa nakaa Mtaa wa Ngozi, nyumba ya tatu. Siku ya Celso nilikuwa wodini, mguu umening'inizwa, sikuweza kuja. Nilipotoka huyu alikuwa ameshakwenda." Ndipo akanigeukia. "Ndevu zimekupendeza, mwanangu. Sauti lakini hukuibadilisha."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, umenifananisha.

"Umesimulia vizuri. Umeruka pale ubaoni tu. Mimi nilikuwa chini ya ubao na ndoo, hukunisahau, haiwezekani, tulikuwa wawili. Nilikuuliza, 'Kijana, hii ya leo ni ya robo au kamili?' Waambie ulinijibu nini."

Wanafunzi wakanigeukia wote kwa pamoja. Yule mrefu alikuwa ameishika kofia yangu.

"Ulisema, 'Mama, kilima nacho kimesoma hapa, kitachelewa kama maprofesa wake.' Nikarudi ndani kumalizia kumwogesha mtoto wangu, Nino." Akaweka begi chini, akakaa kwenye ngazi, akakunja mikono juu ya magoti. "Endelea, Ubaldo. Waambie na mimi nilivyocheka."